Homa imerudi wiki mbili baada ya dawa: je, malaria ya Gulu imekuwa sugu?

Swali: "Daktari, mimi ni mama wa watoto wawili hapa Gulu. Mkubwa ana miaka minne. Alishikwa na homa, tukampeleka kituo cha afya, wakamchoma kidole, kipimo kikatoa mistari miwili. Tukapewa vidonge vya siku tatu, akamaliza vyote, akapona na kurudi kucheza. Wiki mbili baadaye joto likapanda tena. Kiliniki ya mtaani walimpima, mistari miwili tena. Mwenye kiliniki anasema vidonge havifanyi kazi tena upande huu, vimelea vimekuwa sugu, wazungu wamethibitisha, kwa hiyo nilipe sindano. Jirani naye anasema nisihangaike, imekuja chanjo na vyandarua vipya vya dawa mbili. Nani mkweli? Na huyu mdogo wa miezi saba nimfanyie nini?"

Jibu: Mama, tuanze na mtoto, hao wazungu watafuata.

Kabla hujatoa hata shilingi moja ya sindano, mpeleke mahali penye hadubini, damu yake itazamwe kwenye kioo. Kipimo cha kidole hakimwoni kimelea mwenyewe. Kinanusa protini moja, HRP2, ambayo kimelea cha falciparum, aina ya malaria inayosumbua zaidi huku kwetu, huimwaga kwenye damu anapoishi humo. Dawa ikishawaua vimelea wote, protini hiyo haiondoki siku hiyo hiyo; huzunguka kwenye damu wiki mbili, tatu, kwa watoto wengine hata zaidi ya mwezi. Kwa hiyo mistari miwili uliyoiona wiki mbili baada ya dozi inaweza kuwa mabaki ya ugonjwa ule wa kwanza, na homa ya sasa ikawa na sababu nyingine kabisa: mafua, sikio, mkojo, kifua. Mtu anayeuza huduma ya malaria kila siku anapaswa kulijua hili. Kama halijui ni tatizo, na kama analijua na bado anakuuzia sindano, ni tatizo kubwa zaidi.

Tuseme hadubini imewaona vimelea kweli. Bado kuna mambo mawili yanayoweza kuwa yametokea. Ama ni wale wale wa mwanzo, walinusurika na dawa wakazaana upya, ama ni wapya walioletwa na mbu mwingine. Kwa kaskazini mwa Uganda hilo la pili si jambo la kubuni. Wilaya ya Apac, jirani zenu wa kusini, iliwahi kupimwa miaka ya 2000 ikaonekana mtu mmoja huumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka, kiwango ambacho ni nadra kukisikia popote duniani. Mambo yamebadilika tangu wakati huo, lakini bado mnaishi kwenye ukanda ambako mtoto anaweza kupona Jumatatu na kuambukizwa upya kabla mwezi haujaisha. Kutofautisha vimelea wa zamani na wapya kunahitaji kulinganisha jeni za vimelea katika damu ya siku ya kwanza na ya siku homa iliporudi. Kazi hiyo hufanywa kwenye maabara za utafiti. Hakuna anayeweza kuifanya kwa kukutazama usoni kwenye kaunta, kwa hiyo aliyekuambia kwa uhakika kwamba mwanao ana malaria sugu alikuwa anabahatisha.

Ikithibitika kwenye kioo ndani ya siku 28 tangu dozi ya kwanza, hapewi tena vidonge vile vile. Hupewa mseto mwingine, na hapa Uganda wa pili kwenye mwongozo ni ule wa dihydroartemisinin na piperaquine, nao ni vidonge, nao ni siku tatu. Zikiwa zimepita siku 28, hesabu ni ya ugonjwa mpya na dawa ya kawaida hutumika. Lakini mtoto akipata degedege, akilegea asiamke vizuri, akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya au kunywa, akihema kwa shida, macho na viganja vikiwa vyeupe, au akikojoa mkojo mweusi kama soda ya kola, hapo usihesabu siku wala usitafute kioo cha mtaani. Panda boda uende hospitali, hata kama ni usiku.

Sasa hilo la wazungu. Utafiti anaousema upo, na ulifanyika kwenu Gulu. Jina la kwanza kwenye orodha ya waandishi wake ni la Mganda, Betty Balikagala, aliyefanya kazi na wenzake wa hapa nchini na wa Chuo Kikuu cha Juntendo, Tokyo. Ulichapishwa Septemba 2021 katika New England Journal of Medicine, na ulitikisa watu wa malaria bara zima, mimi nikiwemo. Wagonjwa 240 walipewa artesunate ya mshipani, na damu yao ikapimwa tena na tena ili kuona vimelea vinapungua kwa kasi gani. Kwa vimelea wa kawaida, nusu yao walikuwa wamekwisha baada ya saa 1.78 kwa wastani. Kwa vimelea wenye badiliko la jeni liitwalo A675V, nusu hiyo ilichukua saa 3.95. Wagonjwa 14 kati ya wale 240 walivuka saa 5, ambao ndio mpaka uliowekwa wa kusema kuna usugu, na 13 kati yao walikuwa na badiliko hilo au mwenzake, C469Y. Tena mabadiliko haya yalikuwa yanaenea: asilimia 3.9 ya vimelea mwaka 2015, asilimia 19.8 mwaka 2019.

Soma takwimu hizo polepole, kwa sababu redio na WhatsApp zilizipitia mbio. Hazisemi kwamba dawa haiui. Zinasema inaua kwa kuchelewa. Wataalamu huuita usugu wa sehemu, na sehemu hiyo ni saa chache za mwanzo.

Kwa nini kuchelewa? Hapa ndipo ninapopapenda mwenyewe, univumilie kidogo. Artemisinini, ambayo ndiyo chimbuko la dawa hizi zote, ilitolewa kwenye mmea wa artemisia mwaka 1972 na timu ya Bi Tu Youyou nchini China, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ndani ya molekuli yake kuna daraja la oksijeni mbili zilizoshikana. Daraja hilo likiwa zima halimdhuru mtu wala kimelea. Ni mtego usiofyatuka mpaka windo lenyewe liukanyage. Kimelea akiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu hula himoglobini, na anapoimeng'enya huachia hemu, kiini chenye madini ya chuma. Chuma hicho ndicho kinachovunja lile daraja, na vipande vyake hushambulia protini za kimelea kila upande hadi afe. Yaani anauawa na mlo wake mwenyewe.

Mwaka 2014 watafiti waliokuwa wakifuatilia usugu wa dawa hii huko Kambodia, Asia, waligundua kwamba unaambatana na mabadiliko kwenye jeni moja, kelch13. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyejua vizuri protini ya jeni hiyo inafanya nini. Jibu lilitoka Hamburg, Ujerumani, mwaka 2020: inakaa kwenye kijimdomo ambacho kimelea mchanga hukitumia kumeza himoglobini. Ikiharibika kidogo, kimelea huyo anakula kidogo. Akila kidogo, hemu inakuwa chache, na dawa nyingi inapita bila kuvunjwa. Anakaa na njaa yake saa hizo chache hadi artemisinini iondoke mwilini, na huondoka upesi, kisha anaendelea na maisha. Sijaona kiumbe mwingine anayepona kwa kufunga hivi.

Jambo la pili katika utafiti ule lilikuwa asili ya vimelea hawa. Jeni zinazozunguka lile badiliko zilikuwa tofauti kabisa na za Asia. Hawakuja na ndege. Walizaliwa hapa. Rwanda nayo ilikuwa imetangaza badiliko lake, R561H, mwaka 2020, nalo ni la nyumbani. Mwaka 2023 timu nyingine ilichapisha matokeo ya sampuli zilizokusanywa wilaya nyingi za Uganda tangu 2016, na ikaonyesha kwamba kaskazini kuna mabadiliko yake na kusini-magharibi kuna ya kwake, kila moja likiwa limechipuka na kusambaa. Wapo wanaouliza kama kuna uhusiano na upuliziaji wa dawa majumbani, ambao huko Acholi, eneo lenu la Gulu, ulipunguza sana malaria kisha ukasitishwa mwaka 2014, ugonjwa ukarudi kwa kishindo. Watoto waliokulia kwenye miaka ya nafuu hawakuwa na kinga, na mwili usio na kinga humwachia dawa peke yake kazi yote. Mimi naona hoja hiyo ina uzito, ingawa si rahisi kuithibitisha baada ya jambo kupita.

Novemba 2024 ikaja taarifa ya Jinja. Watoto 100 waliolazwa kwa malaria kali na kupewa artesunate walifuatiliwa, na 11 wakaonekana vimelea wao wanakufa taratibu. Hao si wagonjwa wa nje wenye homa ya kawaida, ni watoto wa wodini, ndiyo maana taarifa ile iliniuma kuliko ya Gulu.

Na sasa tuirudie sindano ya yule mwenye kiliniki. Sindano ya malaria inayotumika leo ni artesunate. Artesunate ni artemisinini. Vidonge ulivyompa mwanao, AL, ile inayoitwa Coartem hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine, vina artemether, nayo ni artemisinini. Ukihama kutoka vidonge kwenda sindano kwa kuogopa usugu wa artemisinini, umeingia nyumba ile ile kwa mlango wa nyuma, na umelipa kiingilio. Sindano ina mahali pake, na hapo haina mpinzani: kwa malaria kali, utafiti uliohusisha watoto 5,425 katika nchi kadhaa za Afrika, matokeo yake yakatoka mwaka 2010, ulionyesha vifo vinapungua kwa zaidi ya moja ya tano ukilinganisha na kwinini. Kwa mtoto anayekunywa, anayekula na kukaa, haina faida ya ziada. Ina hasara: kiliniki nyingi humdunga mtoto mara mbili au tatu na kumruhusu bila vidonge vya kumalizia, na hiyo ni artemisinini iliyoachwa peke yake bila mwenzake, njia ya uhakika ya kuwalea vimelea wavivu wa kula. Chai ya artemisia ambayo baadhi yetu tunaipanda nyuma ya nyumba ina dosari hiyo hiyo, dawa ile ile kwa kipimo kisichojulikana.

Na mwenzake huyo wa artemisinini ni nani? Ni lumefantrini, ile L ya AL. Artemether huingia kwa kasi na kupunguza vimelea maelfu kwa maelfu, kisha hutoweka ndani ya saa chache. Lumefantrini hubaki siku kadhaa ikiwamaliza waliosalia. Kimelea wa A675V anapojificha na njaa yake, lumefantrini ndiyo inayomsubiri nje. Kwa hiyo tunapoambiwa upande wa artemisinini umelegea, maana yake nyumbani kwako ni kwamba lumefantrini imebeba mzigo mkubwa zaidi, na yenyewe ina masharti.

La kwanza ni mafuta. Lumefantrini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Bila mafuta tumboni sehemu kubwa yake hupita hivi hivi na kutoka chooni. Mtoto mwenye homa hataki kula, mama anamlazimisha kidonge kwa maji au uji mweupe, na dozi nzima inakuwa imetolewa kwenye daftari lakini haikufika kwenye damu. Haihitaji mlo mkubwa. Kikombe kidogo cha maziwa, au kijiko cha odii, ile siagi ya karanga na ufuta, kwenye uji, kinatosha. Huko kwenu odii haikosekani, na sielewi kwa nini haitajwi kila dawa hii inapotolewa.

La pili ni uzito, na hapa nitakuomba ukumbuke siku ile kituoni: walimweka mwanao kwenye mizani? Kwa AL, mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kila mara, na kuanzia kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa viwili. Mtoto wa miaka minne mara nyingi yuko pale pale kwenye kilo 15. Anayekadiria kwa macho akamwona mwembamba humpa kimoja, na mtoto wa kilo 16 anapata nusu ya dawa yake. Huo si usugu wa Gulu wala wa Kambodia. Ni mizani iliyokaa kwenye kona na nguo juu yake.

La tatu ni saa. Dozi ya pili hutolewa saa 8 baada ya ya kwanza, si kesho yake asubuhi. Baada ya hapo ni asubuhi na jioni hadi zitimie sita. Akitapika kabla ya saa moja kupita, dozi ile irudiwe, na urudi kituoni kuomba ya kufidia.

Nakuuliza haya yote kwa sababu kwa uzoefu wangu, homa nyingi "zilizorudi" huishia kwenye moja kati ya haya au kwenye lile kosa la kipimo cha kidole. Usugu upo, nami siupuuzi. Ila ndiyo maelezo ya mwisho kuyafikia, si ya kwanza.

Dawa mpya kabisa nayo inakuja. Novemba 2025 kampuni ya Novartis na washirika wake walitangaza matokeo ya jaribio la mseto uitwao GanLum, ganaplacide pamoja na lumefantrini iliyotengenezwa upya ili imezwe mara moja kwa siku. Watu 1,668, watu wazima na watoto, katika nchi 12 za Afrika. Waliopona walikuwa asilimia 97.4, na kwa AL asilimia 94. Ganaplacide haina undugu na artemisinini, na ilionyesha kuwaua hata wenye mabadiliko ya kelch13. Ni habari njema. Lakini uone kwamba katika jaribio lile lile, AL iliyotolewa kwa usahihi bado iliponya watu 94 katika kila 100, na dawa itakayokuwa kwenye kituo chako wiki hii ni AL.

Tuje kwenye chandarua, ambako jirani yako amesema kweli zaidi ya alivyojua. Vyandarua vya dawa kwa miongo kadhaa vilitegemea familia moja tu ya viuatilifu, pairethroidi, na mbu wetu wameizoea. Mwilini mwao wana vimeng'enya vinavyoivunja sumu kabla haijafika kwenye neva, na kila kizazi kinachosalimika kinazaa chenye vimeng'enya vingi zaidi. Jibu la kwanza lilikuwa kuongeza kemikali iitwayo PBO, ambayo hainyimi mbu uhai bali hufunga vile vimeng'enya ili pairethroidi ipite. Jaribio kubwa la kuipima lilifanyika hapa hapa Uganda kwenye ugawaji wa kitaifa wa 2017 na 2018, likagawanywa katika maeneo 104: miezi sita baadaye, watoto wenye vimelea walikuwa pungufu kwa takriban robo pale palipogawiwa vyandarua vya PBO.

Jibu la pili ni la ujanja zaidi. Klorfenapiri ilivyo kwenye uzi wa chandarua haina makali. Mbu akiigusa ikaingia mwilini, vile vile vimeng'enya vyake vya kujilinda huirukia kuivunja, na kwa kuivunja huigeuza kuwa sumu kali inayozima mitokondria, yaani mahali seli zinapotengenezea nguvu. Kadiri mbu anavyokuwa sugu kwa pairethroidi, ndivyo anavyoitengeneza sumu yake kwa bidii. Ndiyo maana PBO na klorfenapiri hazikutanishwi kwenye chandarua kimoja; ya kwanza ingevifunga vimeng'enya ambavyo ya pili inavihitaji. Kule Misungwi, mkoa wa Mwanza nchini Tanzania, chandarua cha pairethroidi na klorfenapiri kilipunguza malaria ya watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili, ukilinganisha na kile cha zamani. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza.

Tatizo lake ni la kibinadamu. Pairethroidi humwangusha mbu papo hapo, watu wakaona mizoga asubuhi wakaridhika. Klorfenapiri huua taratibu, pengine siku ya pili au ya tatu, na mbu hufia mbali na kitanda chako. Watu huamka, hawaoni kitu sakafuni, wanasema chandarua cha serikali ni kibovu, kesho yake kimezungushiwa bustani ya nyanya. Soma lebo iliyoshonwa pembeni. Ukiona jina klorfenapiri, lililoandikwa kwa Kiingereza chlorfenapyr, usiihukumu kwa kuhesabu mizoga.

Utunzaji wake hutegemea kitambaa. Vingine ni vya poliethilini, plastiki ile ile ya mifuko ya kaveera, na dawa imechanganywa ndani ya uzi tangu kiwandani. Ikioshwa juu, nyingine hupanda polepole kutoka ndani. Vingine ni vya poliesta, vilaini zaidi, na dawa imepakwa juu ya uzi. Hivyo havina ghala la ndani. Huna haja ya kutambua kipi ni kipi, maana masharti ni mamoja. Kabla ya kukitumia mara ya kwanza kianike kivulini siku nzima. Kifue kwa sabuni ya kipande, usitie jiki, usikiloweke usiku kucha, usikianike juani, kwa kuwa jua huila dawa. Na kishone. Kwenye nyumba nyingi chandarua hutoboka kabla dawa haijaisha, na hapa wanasayansi hawana la kujivunia: tumetumia akili nyingi kwenye kemikali, kidogo kwenye uzi unaosuguana na ukuta wa matofali na ncha za mianzi kila usiku.

Imebaki chanjo. Mwanao mkubwa ameshapita umri wake. Kwetu imepangiwa watoto wachanga, haitolewi kwa wa miaka minne. Huyo wa miezi saba ndiye mlengwa. Uganda ilizindua chanjo ya R21 tarehe 2 Aprili 2025, na uzinduzi ukafanyika Apac, jambo nililoliona la haki. Imepangwa kwa wilaya 105 zenye maambukizi makubwa na ya wastani, dozi nne: miezi 6, 7, 8 na 18. Kama hakuanza alipotimiza miezi sita hajachelewa. Mpeleke wiki hii na kadi yake, aanze.

Inafanyaje kazi? Mbu anapouma hutema vimelea wachache wa umbo la kwanza, wanaokimbilia ini kabla hata hawajagusa chembe za damu. Wamevaa protini moja nje. Watafiti wa Oxford waliibandika sehemu ya protini hiyo kwenye chembechembe zinazofanana na za chanjo ya homa ya ini aina ya B, wakaiongezea kichocheo cha kinga kinachotokana na gome la mti wa Chile, na Taasisi ya Serum ya India ikaitengeneza kwa wingi na kwa bei ambayo nchi zetu zinaweza kuimudu. Mwili ukishaijua protini ile huwasubiri vimelea njiani kabla hawajafika kwenye ini. Huko hakuna kula himoglobini, kwa hiyo badiliko la kelch13 halimsaidii kimelea chochote: sugu na asiye sugu huzuiwa sawasawa.

Kwenye jaribio lililofanyika Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, malaria ilipungua kwa asilimia 75 katika mwaka wa kwanza pale chanjo ilipotolewa karibu na msimu wa mvua, na kwa asilimia 68 pale ilipotolewa kwa kufuata umri tu, kama itakavyokuwa kwenu. Ni pungufu ya 100, tena kinga hushuka kadiri miezi inavyokwenda, kwa hiyo chandarua kibaki juu ya kitanda na homa ipimwe. Kushuka huko ndiko kulikoleta dozi ya nne. Ghana, Kenya na Malawi, zilizotangulia tangu 2019 kwa chanjo ya kabla ya hii, ziliona watoto wengi wakipotea kati ya dozi ya tatu na ya nne, kwa sababu ni miezi mingi na hakuna chanjo nyingine inayomvuta mama kituoni kwa urahisi. Mwambie muuguzi aiandike tarehe hiyo ya mwezi wa 18 kwenye kadi siku ile ile atakapomchoma ya kwanza.